Karani wa Kona ya Chini

Karani alikuwa na tabia moja iliyowakera wenye maduka wote wa mtaa wetu wa Chuno: hakuweza kuona mizani asiiguse. Akienda kununua sukari, kabla muuzaji hajachota, yeye ananyoosha kidole, anaibonyeza sahani ya mizani, anaiachia, anangoja itulie. Ikitulia sawa anasema, "Haya, pima." Isipotulia sawa anaondoka bila neno, na kuondoka huko kulikuwa tangazo tosha. Mpaka jioni mtaa mzima umeshajua nani kapunja. Wenye maduka walimchukia, na hao hao wakiozesha binti zao walimwita awe shahidi.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ulivuka Ruvuma lini, hayo siyaelezi kwa sababu sikumuuliza. Nilimkuta mtu mzima tayari, mwenye mvi zilizoanzia masikioni na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuazima watu. Nilifanya kazi kwake miaka mingi kuliko niliyokaa kwa mume wangu, na kati ya hao wawili ni yeye ninayemkumbuka nikikaa kimya.

Jina la Karani alilipata kwenye chama cha msingi cha ushirika, enzi ambazo korosho zote za vijiji vyetu zilipita kwenye mzani mmoja. Miaka ya tisini wanunuzi binafsi walipoingia na ushirika ukayumba, aliambiwa aende nyumbani. Akaenda na kiti alichokuwa akikalia, kwa kuwa alikinunua mwenyewe. Kiti hicho ndicho alichokiweka katikati ya chumba alichopanga Chuno, akaleta mashine ya fotokopi, akatundika kibao cha uchapaji, akanitafuta mimi nije kuchapa.

Siku ya kwanza aliniuliza kabila. Nikamwambia Mngoni, baba yangu aliletwa na kazi za bandari. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mungu kaniletea mtumwa," akasema.

Nikamwambia babu zangu ndio waliowakimbiza babu zake Wamakonde mpaka wakapanda juu ya uwanda, na mimi nimekuja kumteremsha. Toka siku hiyo tukawa watani wa kweli. Aliniita Mngoni mbele ya wateja, mimi nikamwambia Wamakonde wanajua kuchonga tu, kusoma wameazima. Anayejua utani anajua kwamba si mchezo mtupu. Mtani huweza kumwambia mtu jambo ambalo mwanawe hathubutu, na huweza kutumwa mahali ambapo ndugu hapiti. Siku ilikuja ambapo Karani alinituma kweli.

Alikuwa mchoyo wa maneno lakini si wa chakula. Mchana alileta samaki wa kukaanga, akamgawa yeye mwenyewe kwa kisu kidogo cha kukatia bahasha, akasukuma sahani mbele yangu nichague. Nikishachagua, yeye anachukua kilichobaki. "Mgawaji huchukua la mwisho," alisema kila siku. Kwa hiyo alikula mikia miaka yote hiyo, na mimi nilikula vichwa, na sikuona haya.

Msemo wake mwingine ulikuwa mkubwa zaidi, na aliupata kwenye mashamba. Huku kwetu shamba la mikorosho halipimwi kwa ekari. Ukimuuliza mtu ana shamba kubwa kiasi gani, atakutajia miti. Mzee akifariki, watoto hugawana miti. Basi familia nyingi zilimwita Karani awagawie, kwa sababu walimjua tangu mzanini. Alikwenda na chaki, akatembea kutoka mti hadi mti akipiga alama kwenye shina, warithi wakimfuata nyuma. Akimaliza anasimama kwenye kivuli na kusema, "Kilichohesabiwa hakigombewi." Kuku wa shukrani waliyemfunga miguu ampeleke mjini alimfungua akamwachia. Watu walirudi nyumbani wameridhika, au angalau wamenyamaza.

Ila kinyozi hajinyoi. Shamba lililomshinda Karani kugawa ni la baba yake.

Hilo nililijua kwa mdogo wake mwenyewe. Siku moja asubuhi aliingia dukani mwanamume mwembamba mwenye miguu iliyopauka vumbi jeupe la kijijini kwao Madimba, ameshika cheti cha shule cha binti yake ndani ya mfuko wa nailoni. Uso ulikuwa wa Karani kabisa, ila huu umeachwa juani. Karani alikuwa mezani kwake, hatua chache tu. Hakuinua kichwa.

"Hujambo, mama," mgeni akanisalimu.

"Sijambo. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nwambie mwenye duka nataka kopi mbili." Alitamka n mahali pa m, kama Wamakonde wengi wa kijijini.

Nikageuka. Mwenye duka akasema, akiwa anatazama karatasi zake, "Mwambie mashine haijapata moto. Asubiri."

"Anasema usubiri," nikasema.

"Nwambie nimezoea."

Nikawa mkalimani wa Kiswahili kwenda Kiswahili. Mashine ilipokuwa ikipata moto, yule mdogo mtu akaanza kunisimulia, na hakushusha sauti. Baba yao aliacha nyumba na kisima, na mikorosho kuizunguka. Kisha kuna bonde, halafu ng'ambo ya bonde kuna mikorosho mingine. Karani alihesabu mbele ya mashahidi, akaweka mpaka kwenye bonde, na idadi ya miti ikawa sawasawa pande zote mbili. Hapo akasema yeye atachukua huku kwenye kisima. Kwa kuwa ni sawa, haidhuru nani achukue kipi.

"Nikamwambia, kaka, kama ni sawa, chukua wewe kule."

"Akakujibuje?" nikauliza.

"Mpaka leo nasubiri."

Akachukua kopi zake, akaniaga mimi peke yangu, akaenda. Karani akasema kwamba alihesabu mara mbili, mashahidi wengine bado wako hai, nikitaka niwaulize. "Ni mvivu," akasema. "Korosho zinaozea chini ya miti, haokoti. Nguruwe wanakula. Sasa hilo nalo ni kosa la hesabu?"

Wakati huo sikulijua shamba lenyewe. Baadaye nilikuja kujua kwamba mdogo ndiye aliyeishi kwenye ile nyumba ya baba, na Karani aliishi mjini akiweka vibarua. Kwa hiyo kila asubuhi ya msimu mdogo mtu na mkewe waliamka, wakapita chini ya mikorosho ya Karani iliyoko mlangoni, wakateremka bondeni, wakapanda, ndipo wakaifikia ya kwao. Korosho haichumwi, huangukia chini, ikaokotwa mojamoja. Anayeokota lazima aende na arudi, na kilichookotwa kinabebwa kichwani. Ndugu hao wawili walikutana misibani tu, kila mmoja akakaa mkeka wake.

Mtu huyu mgumu hivyo alipenda gemu. Wengi hawaamini nikiwaambia.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili alinunua kompyuta nne za mtumba, zile zenye matumbo makubwa nyuma, apate kufundisha vijana kuchapa. Ndani ya moja kulikuwa na gemu ambalo mwenyewe wa zamani alilisahau. Saidi, fundi wa kreni wa bandarini, mtu mwenye mke na watoto, aliyekuwa akija kuchapisha barua za kuomba kazi kwingine, ndiye aliyeliona. Akalisambaza kwenye zote nne na kuziunganisha kwa waya. Ikawa jioni tukishafunga uchapaji, viti vinavutwa, watu wazima wanapigana.

Gemu lenyewe ni hivi. Kila mchezaji anapewa kona yake na ufalme mdogo, yaani nyumba moja na wafanyakazi wachache. Wafanyakazi wanakata miti, wanachimba dhahabu, wanaibeba mali na kuirudisha nyumbani. Kwa mali hiyo unajenga na kulisha askari, halafu unamvamia jirani kabla hajakuvamia. "Hili ni la kilimo kwanza, vita baadaye," Karani alisema, na toka hapo akawa wa kwanza kuvuta kiti.

Kilichomnasa hasa ni kwamba gemu lilikuruhusu kuchora nchi yako mwenyewe. Alichora mlango wa Ruvuma. Aliweka mto, vijito, mikoko, mafungu ya mchanga, na falme nne: mbili juu, mbili chini. Halafu akaanza kupanda miti na kufukia dhahabu, akihesabu kwa kidole kwenye kioo mpaka kioo kikawa na alama za kidole chake. Kila ufalme ulipata miti ileile, dhahabu ileile, mawe yaleyale, na swala wa kuwinda idadi ileile. Alipomaliza alituita, akasimama pembeni, akatutamkia msemo wake.

Kilichohesabiwa kikagombewa wiki hiyo hiyo. Kona ya chini, mkono wa kulia, ile iliyoangukia kompyuta ya karibu na mlango, ikawa kona ya mkosi. Aliyekaa pale alishindwa. Mjuzi alishindwa, mgeni alishindwa, mwenye bahati alishindwa taratibu kidogo. Watu wakaanza kuwahi kazini kwao ili wawahi kutoka, wasikute kiti cha mlangoni ndicho kilichobaki.

Miti ya kona ile ilikuwepo yote, ukihesabu huikosi. Lakini ilikuwa ng'ambo ya kijito, na kijito kilikuwa na kivuko kimoja, karibu na jirani. Wafanyakazi wako wanakwenda, wanakata gogo, wanarudi nalo, wanakwenda tena. Ukiwajengea stoo huko huko msituni, jirani anaichoma. Wenzako wana majumba na wapanda farasi, wewe bado unamtazama mtu mmoja anavuka maji na gogo begani.

Walilalamika. Karani akawajibu, "Umepungukiwa nini? Hesabu." Wakahesabu. Hawakupungukiwa.

"Basi wewe nvivu," akasema.

Kuirekebisha ilikuwa kazi ya muda mfupi tu, kusogeza miti kidogo. Saidi alijitolea kufanya. Karani alimkatalia kwa ukali nisiouzoea. Ramani yake haiguswi na mtu. Siku ile alizima mashine zote mapema, nikajiuliza gemu limekuwa dini lini.

Halafu jioni moja Saidi alishindwa tena pale mlangoni. Hakukasirika. Alizungusha kiti chake, akasema kwa upole, kama mtu anayemkaribisha mgeni akae: "Karani, kama zote ni sawa, kaa wewe kule chini."

Nilikuwa nimeinamia mashine ya fotokopi. Nikasimama. Saidi hakujua amesema nini, lakini chumba kile kilikuwa na watu wawili waliokwisha kuyasikia maneno yale. Karani alinitazama mimi, hakumtazama Saidi. Akatoka nje kuangalia jenereta, na sisi hatukuwa na jenereta.

Kesho yake alikaa kiti cha mlangoni. Alikaa hapo masika nzima. Alishindwa na Saidi, akashindwa na mimi, akashindwa na walimu wa sekondari waliokuja kujifunza juzi. Alijaribu kila kitu. Alijenga stoo ng'ambo ikachomwa. Alipeleka askari walinde kivuko, askari wakala chakula cha wafanyakazi. Umeme ukikatika katikati ya mchezo, na miaka ile ulikatika sana, wengine walilaani, yeye alijifuta jasho na kushukuru. Wala hakuibadili ramani. Nikamwambia kwa utani kwamba Mmakonde akishachonga kinyago kibaya hukiabudu hivyo hivyo. Hakucheka, ndipo nikajua mambo yamefika pabaya.

Ijumaa moja alirudi kutoka msikitini, akafunga mlango wa duka nusu, akasema, "Mngoni, leo kaa wewe chini. Mimi nikae juu."

Niseme bila kujisifu bure: hakuna aliyecheza vizuri kuliko mimi kwenye chumba kile. Karani alicheza kama apimavyo sukari, polepole, akirudia kila kitu mara mbili. Nilijua nitamfunga hata kwenye kona ile. Nilipanga watu wangu vizuri, sikupoteza hata mmoja, sikumwacha yeyote asimame bure. Akanifunga. Askari wake walipoingia kwangu bado nilikuwa na watu wawili kwenye maji, na magogo yao begani.

Nilikasirika kweli. Yeye hakufurahi. Alisogeza kiti kwangu, akakiinamia kioo changu muda mrefu.

"Watu wako hawakuwa wavivu," akasema.

"Nani kasema ni wavivu?"

"Mimi." Akavua miwani. "Kumbe wametembea tu. Wametembea mno, Mngoni. Mimi nimehesabu nti, sikuhesabu kutembea."

Alilia. Sikuwahi kumwona mwanamume wa umri ule akilia bila kujificha uso. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, kwa ajili ya yule mwenye mfuko wa nailoni aliyesema amezoea kusubiri. Yote mawili yalikaa kifuani mwangu pamoja, na hata sasa hayajatoka.

"Kesho twende Madimba," akasema. "Mimi sitaweza kusema. Wewe mtani, utasema."

Tulimkuta mdogo wake barazani kwenye kitanda cha kamba. Miguu yote miwili ilikuwa imevimba, ngozi inang'aa. Hatukujua kama anaumwa, maana hakuna aliyetuletea habari. Mkewe alinipa kigoda, Karani hakukaa. Nikafanya kazi niliyotumwa.

"Hodi humu," nikasema. "Nimewakamatia mwizi wenu."

Mgonjwa akanitazama, akamtazama kaka yake. "Mwizi wa nini?"

"Wa miguu. Kawaibia miguu miaka yote hii, nimemleta aseme mwenyewe kaipeleka wapi."

Alicheka. Alicheka mpaka akakohoa na mkewe akaja kumshika mgongo. Watani tumepewa ruhusa hiyo, ya kufungua mlango kwa kicheko, lakini atakayepita ni mwingine. Karani akachuchumaa chini kwenye mchanga, kichwa chake kikawa chini kuliko kitanda cha mdogo wake.

"Ndugu yangu," akasema, "tubadilishane. Wewe chukua huku kwenye kisima, mimi niende kule."

Kuku walipita kati yao. Mdogo mtu alipojibu hakukuwa na ukali wowote, na ingekuwa afadhali ungekuwepo.

"Umechelewa kidogo, kaka. Mimi sitembei tena. Nti ulioko hapo nlangoni na nti ulioko ng'ambo, kwangu sasa ni mmoja."

Karani akainama.

"Umejuaje lakini?" mdogo akauliza. "Miaka yote hukujua, umejuaje?"

"Nimecheza gemu."

"Gemu?"

"La kompyuta. Kuna ramani. Nilikaa upande wako."

Yule mgonjwa akalifikiria jambo hilo. Alikuwa mtu wa haki, nadhani, alitaka kulielewa kwanza. Kisha akasema, "Mimi nilikwambia kwa ndomo wangu. Nilisimama mbele yako nikakwambia. Hukusikia. Kompyuta imekwambia, umesikia."

Mkewe alituletea muhogo wa kuchemsha na chai. Mdogo mtu akaomba asogezewe sahani, akaugawa muhogo kwa mkono wake, akamsukumia kaka yake achague kwanza. Karani alichagua kipande kidogo kabisa, akashindwa kukila, akakaa nacho mkononi mpaka tulipoaga.

Mdogo wake alifariki kabla korosho hazijaanza kuanguka. Nilikwenda msibani. Desturi inamtaka mtani aseme upuuzi pale, amdhihaki marehemu kwamba kakimbia kazi, adai sanda imekuwa ndefu, watu wapate kucheka kidogo katikati ya kilio. Watu walikuwa wakinitazama wakingoja. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake, sikupata neno. Karani alipita karibu yangu akasema taratibu, "Leo mtani wangu kanyamaza. Basi ni kweli amekufa."

Arobaini ilipokwisha aliwaita mashahidi, wale waliobaki hai, akamkabidhi shemeji yake na watoto upande wote wa kisima. Shemeji alikataa, wazee wakamsihi, akakubali. Kisha Karani akafunga duka la Chuno. Saidi alimwambia abaki mjini aweke vibarua kama zamani, shamba la ng'ambo halimfai mtu wa umri wake. "Ndiyo maana naenda," akasema. Aliondoka na kile kiti chake. Kompyuta moja aliniachia mimi, na wengine wakafungua vibanda vyao vya kompyuta, na gemu likaendelea kwenye kibanda cha Saidi kule Mtawanya, kwa ramani ile ile.

Ilipita misimu kadhaa kabla sijakwenda kumwona. Sina sababu nzuri ya kuchelewa. Mtu husema atakwenda, na mwaka unakwenda badala yake. Nilipofika nyumbani kwao Madimba wajukuu wa marehemu walikuwa wakiokota korosho pale pale uani, kwenye kivuli, huku wakienda kunywa maji kisimani kila walipotaka. Wakanielekeza bondeni. Nikateremka, nikapanda mchanga mlaini unaorudisha mguu nyuma, nikamkuta chini ya mkorosho mzee, ameinama. Alikuwa amekonda. Mfukoni hakukuwa na kalamu.

"Mngoni," akasema bila kunyanyuka, "umekuja kututeremsha?"

"Shikamoo, Karani. Nimekuja kukuhesabu kama bado upo."

Tukaokota pamoja. Nilimpa habari za mjini, nani kaoa, nani kahamishwa. Hakuuliza kuhusu mizani ya mtu yeyote. Aliuliza kuhusu ramani.

"Saidi ameirekebisha," nikamwambia. Nilikuwa nimeiogopa habari hiyo. "Ile miti ya kona ya chini kaileta huku, karibu na nyumba. Sasa hata anayekaa mlangoni anashinda."

Mikono yake ikasimama. "Kaisogeza?"

"Ndiyo. Kazi ya dakika chache tu."

"Amefanya vizuri," akasema. Akatazama mikorosho iliyotuzunguka, mmoja baada ya mwingine, na niliona midomo yake ikianza kuhesabu kwa mazoea halafu ikaacha. "Kule kwenu nti unasogea."

Jua lilipokuwa kali alijitwika kapu turudi nyumbani. Nililitaka nilibebe mimi, akanikatalia, nikabeba lile dogo. Tukateremka bondeni. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, niliiona kwa nyuma, jinsi kandambili zilivyomkaza. Nilikwisha kuiona miguu ile kwenye kitanda cha kamba. Nikataka kumwambia inatosha, adhabu hii hakuna aliyemwandikia, marehemu mwenyewe alimgawia muhogo. Sikuweza hata kwa utani.

Nusu ya njia, mahali kupanda kunapoanza, palikuwa na gogo la mkorosho ulioanguka zamani. Gamba lilikuwa limetoka lote, na sehemu moja katikati, upana wa mtu mmoja aliyekaa, mti ulikuwa umelainika ukang'aa kama mwiko wa siku nyingi. Kando yake palikuwa na sehemu nyingine, nyembamba zaidi. Moja ya marehemu, nyingine ya mkewe.

Karani alisimama, kapu kichwani. "Kaa upumzike," akaniambia.

"Na wewe?"

"Mimi nasimama."

Nikakaa. Nilihema, na kusema kweli niliona aibu kwa jinsi gogo lilivyonikaa vizuri. Yeye alilitazama kwa muda.

"Siku ile nilipita hapa na chaki," akasema. "Lilikuwepo. Sikulihesabu, kwa sababu halizai."

Akatengeneza kapu lake kichwani, akaanza kupanda.